Rubani, Mwalimu Wake na Lugha ya Jeshi: Mafunzo ya Ndege za Kivita Uganda na Wana wa West Nile

Neno rubani halikuzaliwa angani. Wazee wetu wa pwani walilitumia kwa mtu wa baharini, yule ajuaye miamba na mikondo, aongozaye chombo kipite mlango wa bandari kwa salama. Ndege za chuma zilipokuja, lugha ilimchukua mtu yule yule ikampandisha juu. Neno ndege nalo lina kisa chake. Kiumbe mwenye manyoya hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai: ndege anaruka, ndege wanaruka. Chombo hufuata upatanisho wa vitu: ndege inaruka, ndege zinaruka. Kwa kiambishi kimoja tu Kiswahili hutenga chenye roho na kisicho na roho. Mafundisho mengi ya urubani yamo katika tofauti hiyo, maana chombo hakijui njia ya kurudi nyumbani. Aijuaye ni mtu aliyefundishwa.

Makala hii inahusu mafunzo ya marubani wa ndege za kivita katika Uganda, na jinsi habari zake zilivyoigusa nchi ya West Nile, hasa Ayivu na Koboko. Tunaiandika kwa ajili ya walimu wa Kiswahili kwa kuwa ndani yake mna swali lililo letu: ufundi mgumu uliopokewa kutoka ugenini hukaa mikononi mwa nani, na kwa lugha gani?

Kutoka Keya hadi Jeshi la Uganda

Ayivu ni nchi ya Walugbara inayouzunguka mji wa Arua. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kaunti, na tangu tarehe 1 Julai 2020, Arua ilipopandishwa kuwa jiji, imekuwa sehemu ya jiji hilo. Kaskazini yake, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, iko Koboko ya Wakakwa, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2005. Eneo hili lote lilikuja Uganda kwa kuchelewa. Lilitawaliwa kwanza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika nchi iliyoitwa Lado. Mwaka 1910 likapita mikononi mwa Sudan. Na mwaka 1914 ndipo lilipounganishwa na Uganda, Arua ikawekwa kuwa makao ya serikali.

Serikali ya kikoloni iliiona West Nile kuwa ghala la nguvu za mikono. Vijana wake walivuka Mto Nili kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, au waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo watu wetu walilifupisha wakaliita Keya. Ndani ya Keya ya Uganda, lugha iliyowaunganisha askari mwanzoni ilikuwa Kinubi, iliyotokana na Kiarabu cha askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Baadaye Kiswahili kikashika nafasi kubwa, hata ofisa wa Kiingereza akapaswa kujifunza na kufanya mtihani wa lugha hiyo. Hivyo kijana wa Ayivu, ambaye nyumbani alisema Kilugbara, alirudi kutoka jeshini na vitu vitatu: malipo yake, nishani zake na Kiswahili chake.

Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni Koboko, aliingia Keya mwaka 1946. Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa watu wa kwanza wa Uganda kupewa uofisa. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962, jeshi jipya lilirithi kambi, ngoma, amri na Kiswahili cha Keya. Kitu kimoja halikurithi, nacho ni ndege za kivita na watu wa kuziendesha.

Walimu wa kwanza

Mwezi wa Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi mmoja baada ya mwingine, na serikali zikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Uganda ikaanza kutafuta walimu wengine. Kuanzia mwaka huo Waisraeli walikuja kuwafundisha askari wake, na kwa msaada wao jeshi la anga likaanzishwa. Chombo kilichojulikana zaidi katika mafunzo hayo kilikuwa Fouga Magister, ndege ya jeti iliyobuniwa Ufaransa na kuundwa pia Israeli: injini mbili, mkia wenye umbo la herufi V, na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine.

Inafaa tusimame kidogo kwenye viti hivyo viwili, kwa maana ndicho chumba cha darasa cha rubani. Mwanafunzi huketi mbele, mwalimu nyuma yake. Kila mmoja ana usukani wake, na nyaya zote zimeunganishwa, hata mkono wa mmoja ukisogea, wa pili huhisi. Kwa kuwa mwalimu aliye nyuma hazuiwi na kitu kingine kuliona barabara ya kutua ila na kichwa cha mwanafunzi wake na mwili wa ndege yenyewe, Fouga huwekewa kioo cha kupenyeza macho juu ya kizuizi hicho. Mwalimu huona kupitia kioo. Huongea kupitia waya masikioni. Na kazi yake kubwa ni kujizuia asiushike usukani mapema mno. Akiushika kila mara, mwanafunzi hatajua kuruka kamwe. Akichelewa kuushika, watakufa wote wawili. Walimu wa darasani hatuna hatari ya namna hiyo, lakini mizani yenyewe tunaijua.

Halafu hufika siku ya kuruka peke yake. Mwalimu hushuka, hufunga mikanda ya kiti kitupu, huondoka. Katika nchi nyingi anayetua salama siku hiyo humwagiwa maji na wenzake, na baadaye, akimaliza mafunzo, hubandikwa mabawa kifuani. Mabawa hayo ni cheti na ni jando. Rubani huyapata kwa kuonekana anaweza, wala cheo cha baba yake hakimsaidii kitu hewani.

Mlango mwembamba

Hapa ndipo wana wa West Nile walipokuta mlango mwembamba. Katika vikosi vya miguu walikuwa wengi, kwa kuwa bunduki iliweza kufundishwa kwa Kiswahili cha kambini. Ndege ilidai hesabu, fizikia na Kiingereza cha vitabu, yaani ilidai shule ya sekondari. Shule za namna hiyo katika West Nile zilikuwa chache. Mvara, chini ya Waprotestanti, na Ombaci, chini ya Wakatoliki, zote katika Ayivu, ni miongoni mwa zilizojenga jina. Tena hapakuwa na kituo cha ndege za kivita upande ule wa Nili. Ndege za jeti zilikaa Entebbe na Gulu, na baadaye Nakasongola.

Hata hivyo walikuwako waliofika. Wilson Toko, mwana wa West Nile, alipata kuwa kamanda wa jeshi la anga katika enzi ya Amin, na mwaka 1985 akawa makamu mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi lililoongozwa na Tito Okello. Lakini kwa jumla, askari wa miguu na rubani walikuwa watu wa malezi mawili. Mmoja alikulia katika amri za Kiswahili. Mwingine alikulia katika vitabu vya Kiingereza. Waliishi katika jeshi moja na kula mshahara wa serikali moja, lakini lugha za kazi zao ziliachana.

Futi na mita

Waisraeli hawakuwa peke yao kwa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Obote iliagiza pia ndege za MiG kutoka Umoja wa Kisovieti, zikiwamo MiG-17 na ndege ya mafunzo ya viti viwili, MiG-15UTI. Vijana wengine wakapelekwa kusoma katika nchi za kambi ya Mashariki. Jeshi changa la anga likawa na walimu wa namna mbili, na kila mwalimu alikuja na vipimo vyake.

Msomaji asidhani kuwa hilo ni jambo dogo. Desturi ya anga katika nchi za Magharibi ni kupima kimo kwa futi, na mwendo kwa maili za baharini. Warusi walipima kimo kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa, na maandishi ya saa zao yalikuwa ya herufi za Kirusi. Tarakimu 1,000 machoni mwa rubani inaweza kuwa mita 1,000, au inaweza kuwa futi 1,000, ambazo ni kama mita 305 tu. Katikati ya hesabu hizo mbili panaweza kuwa na kilima. Basi rubani aliyehama kutoka ndege moja kwenda nyingine alikuwa kama mtu anayehama lugha: maneno mapya huyajua upesi, lakini mkono hukumbuka yale ya zamani, hasa wakati wa hofu.

Kwa hiyo katika kiwanja kimoja lugha zilipangwa kwa tabaka. Vitabu vya chombo vilitoka ugenini pamoja na chombo. Redioni kilisemwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya anga duniani. Kambini, kati ya walinzi, madereva, wapishi na mafundi, kilisemwa Kiswahili. Ndege moja hugusa tabaka zote hizo. Fundi akisikia sauti mbaya ndani ya injini, lazima neno lake limfikie rubani kabla hajapanda. Na rubani akitua na kusema usukani umekuwa mzito, lazima neno lake limfikie fundi. Jeshi la anga husimama juu ya mazungumzo hayo kuliko juu ya ushujaa.

Mwalimu akifukuzwa

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Mwanzoni Waisraeli walikuwa rafiki zake. Kanali Baruch Bar-Lev, aliyeongoza ujumbe wao wa kijeshi, alikuwa mtu wake wa karibu. Mwaka huo huo Amin alikwenda Israeli akaomba ndege za Phantom, akanyimwa. Mwezi wa Februari 1972 alikwenda Libya kwa Gaddafi, na mwezi wa Machi aliwafukuza Waisraeli wote nchini. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mabawa ya askari wa miavuli aliyopewa na Israeli aliendelea kuyavaa kifuani. Mwalimu alifukuzwa, pambo lake likabaki.

Katika miaka iliyofuata Warusi walichukua nafasi hiyo kwa ukubwa zaidi, wakaleta na MiG-21, ndege iwezayo kwenda mara mbili ya mwendo wa sauti. Lakini nao urafiki wao haukuwa imara. Mwezi wa Novemba 1975, kwa ajili ya ugomvi juu ya Angola, Amin alivunja uhusiano na Umoja wa Kisovieti kwa siku kadhaa kabla ya kuurudisha. Ndani ya jeshi lenyewe hofu ilizidi. Tusisahau kwamba watu wa West Nile nao waliuawa na utawala huo: mwezi wa Machi 1974 Brigedia Charles Arube, Mkakwa, alikufa katika jaribio la kumpindua Amin, na mwezi huo huo maiti ya Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nchi za nje, ilionekana katika Nili.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Ndege ya abiria ya Ufaransa ilikuwa imetekwa na kuletwa Entebbe. Makomando wa Israeli walitua gizani, wakawaokoa mateka, na kabla ya kuondoka wakaziteketeza ndege za MiG zilizoegeshwa kiwanjani ili zisiwafuate. Jengo walimowekwa mateka lilikuwa limejengwa na kampuni ya Kiisraeli, na wakati wa mazungumzo aliyempigia Amin simu kutoka Israeli alikuwa Bar-Lev yule yule. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Walimu wa kwanza walirudi katika nyumba waliyosaidia kuijenga, wakaivunja.

Vita vya Kagera

Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Uganda zilishambulia upande wa Kagera na mji wa Bukoba, na mwisho wa mwezi majeshi ya Amin yakaingia Tanzania. Vita vile vilionyesha wazi ubora na udhaifu wa urubani wa Afrika Mashariki. Daraja la Kyaka lilirushiwa mabomu kutoka angani bila kuangushwa. Mwishowe lilivunjwa kwa baruti iliyotegwa na watu waliosimama juu yake. Upande wa Tanzania, ambayo marubani wake walifundishwa na Wachina, tarehe 3 Novemba 1978 ndege tatu zilizokuwa zikielekea Musoma zilidhaniwa kuwa za adui, zikaangushwa na wenzao. Hao hawakuwa waoga wala wajinga. Neno moja tu halikufika kwa wakati kutoka kwa aliyekuwa hewani hadi kwa aliyeshika bunduki chini.

Msaada wa Walibya haukumwokoa Amin. Ndege yao kubwa iliyotumwa Mwanza mwezi wa Machi 1979 ilikosa shabaha, mabomu yakaanguka katika hifadhi ya wanyama. Entebbe ilitekwa mwezi wa Aprili, na Kampala ikafuata tarehe 11. Nguo ya kuazima haisitiri. Jeshi la anga lililotegemea walimu wa kuazima, vipuri vya kuazima, na mwishoni hata marubani wa kuazima, liliyeyuka.

Katika vita hivyo majeshi yote mawili yalitoa amri kwa Kiswahili. Kwa mkulima wa Uganda, lugha iliyomwambia alale chini na lugha iliyomwambia ainuke kwa kuwa amekombolewa ilikuwa moja. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda anafundisha chini ya kivuli cha jambo hilo hadi leo.

Aliyelipa deni

Vita vilikwisha tarehe 3 Juni 1979 wakombozi walipofika mpaka wa Sudan, baada ya kupita Arua na Koboko. Kwa Ayivu huo haukuwa mwisho. Mwezi wa Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin waliingia tena kwa silaha, na jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Mamia ya maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, kando ya Arua.

Tulikwisha kuitaja Ombaci: ni mahali ambapo kijana wa Kilugbara aliweza kusoma hesabu na fizikia, masomo yale yale ambayo mlango wa urubani uliyadai. Walioangamia pale hawakuwahi kurusha ndege wala kuamuru itumwe. Waliitwa watu wa Amin kwa sababu ya kabila zao, nchi yao na, mara nyingi, Kiswahili chao. Mtu anapoandika historia ya marubani akaishia kwenye ndege, ameacha nje sehemu kubwa ya bei.

Yapasayo kuzingatiwa

Kutokana na habari hizi tunapenda kutoa mambo mawili.

La kwanza linahusu ufundi. Uganda ilinunua ndege mara nyingi, lakini mlolongo wa mwalimu kumlea mwanafunzi, na mwanafunzi huyo kuwa mwalimu, ulikatwa kila serikali ilipobadili rafiki. Chombo huweza kununuliwa kwa mwaka mmoja. Mwalimu huchukua miaka kumi na zaidi. Njia tofauti ilikwisha kuonekana Soroti, ambako mwaka 1971 nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilifungua chuo cha urubani wa kiraia. Chuo hicho kiliona Jumuiya ikivunjika mwaka 1977, kikaona na vita, lakini hakikufa.

Aidha, ufundi wenye walimu wake huzaa dhamiri. Kenya, tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya wanahewa walipojaribu kuipindua serikali, marubani wa Nanyuki walilazimishwa kwa bunduki kwenda kuyapiga majengo ya Nairobi. Koplo mwenye silaha alipanda katika ndege mojawapo. Marubani waliruka, wakazigeuza ndege zao kwa nguvu hata yule asiyezoea akalegea, na mabomu wakayatupa katika msitu wa Mlima Kenya. Chini, bunduki ilikuwa na amri. Juu, amri ilikuwa ya ujuzi.

La pili linahusu lugha. Hatudai kwamba rubani aache Kiingereza redioni. Dunia nzima ya anga imekubaliana juu yake kwa ajili ya usalama. Tunasema kwamba kati ya rubani na fundi, kati ya kiwanja na mji, na kati ya jeshi na raia, pana maneno mengi yanayohitaji lugha inayoeleweka na wote, nayo haipaswi kuwa lugha ya amri tu. Uganda ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa agizo la Amin, na agizo hilo halikuambatana na walimu wa kutosha wala vitabu. Lilikuwa kama ndege bila fundi. Mwaka 2005 katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Safari hii kazi imeangukia mikono ya walimu.

Mwalimu wa Arua au Koboko anayeingia darasani hana haja ya kuficha historia hii. Wazee wake walikileta Kiswahili nyumbani kutoka Keya, na wajukuu wao wanakitumia sokoni pamoja na watu wa Kongo na Sudan Kusini. Na aanze na neno rubani, aulize maana yake ya baharini na ya angani. Aandike ubaoni ndege anaruka na ndege inaruka, awaulize wanafunzi tofauti yake. Kisha, kama yule aliyeketi kiti cha nyuma, aiweke mikono yake mbali na usukani, awaache waseme.